Kamba, vigingi na obiti ya Dinkinesh: namna ya kuchora njia ya asteroidi kwenye uwanja wa shule

Mvua zikishakata na muhula wa Julai ukaanza, maswali huja yale yale kutoka kwa walimu wa fizikia na vijana wa klabu za sayansi, awe wa Vwawa, Uyole, Makambako au Kilolo. Kamba iwe na urefu gani? Jua likae katikati au pembeni? Mbona tumechora duaradufu likatoka duara? Na lile lisilokosekana: hiyo asteroidi itatuangukia? Kujibu mmoja mmoja kwenye simu kunachosha, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa, kuanzia kununua kamba hadi kumjibu mwanafunzi mbishi.

Kazi inamalizika kwa mchana mmoja. Haihitaji darubini wala umeme. Inahitaji uwanja mkavu, kamba isiyovutika na watu sita wenye subira.

Kwa nini Dinkinesh

Ni kipande cha mwamba chenye upana wa mita 700 na ushei, kinachozunguka Jua katika sehemu ya ndani ya ukanda wa asteroidi, ule ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Iligunduliwa tarehe 4 Novemba 1999 na mradi wa LINEAR, uliokuwa ukipiga picha za anga kwa darubini zenye kipenyo cha mita 1 karibu na Socorro, jimbo la New Mexico, Marekani. Kwa zaidi ya miaka 20 haikuwa na jina. Januari 2023 NASA iliiongeza kwenye ratiba ya chombo chake kiitwacho Lucy, na mwezi uliofuata ikapewa jina: Dinkinesh, ambalo ndilo jina la Kiamhari la mabaki ya mifupa yaliyofukuliwa Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, yale ambayo wengi huyajua kwa jina la Lucy. Tarehe 1 Novemba 2023 chombo kikaipita kwa umbali wa kilomita 430 hivi, na picha zikaonyesha kitu ambacho hakuna aliyekuwa na uhakika nacho: ina mwezi wake. Mwezi huo unaitwa Selam, nao ni mawe mawili yaliyoegemeana.

Ukipenda unaweza kuchora Gaspra au Vesta, nazo ni za ukanda wa ndani. Mimi nang'ang'ania Dinkinesh kwa sababu jina hili wanafunzi hawalisahau, na vipimo vyake vinaingia vizuri kwenye uwanja wa kawaida.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Kamba mbili, kila moja mita 11. Kamba ya katani nyembamba ni nzuri kuliko ile ya plastiki, maana ya plastiki inavutika. Ukipata waya laini wa kufungia nondo ni bora zaidi, ila usiuache ujikunje.
- Misumari miwili ya inchi 6, iwe vigingi vya katikati. Vigingi vinene vya mti vinakula urefu wa kamba na kuharibu vipimo.
- Vijiti 55 hivi vya kuwekea alama. Ukiwa Mafinga au Makambako omba mabanzi kwenye viwanda vya mbao, uyachane.
- Kitu cha kuchorea: majivu yaliyopoa, maranda au pumba. Chokaa inaonekana vizuri zaidi, lakini soma onyo la hatua ya 4 kwanza.
- Tepu ya fundi ya mita 5 au zaidi.
- Kijiti kigumu chenye ncha cha kuchorea ardhini.
- Daftari na gololi moja.

Watu: wawili wa kushika vigingi, mmoja wa kuchora, wawili wa kupima, mmoja wa kuandika. Darasa likiwa kubwa, wengine wawe wa kukagua. Usiwaache watu 40 wakizunguka juu ya mchoro, watafuta kila kitu kwa viatu.

Namba utakazotumia

Umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua, kilomita milioni 150 hivi, tunauita kizio kimoja. Uwanjani kizio kimoja kitakuwa mita 2.

Obiti ya Dinkinesh ina wastani wa vizio 2.19 kutoka kwa Jua. Kiwango chake cha kutokuwa duara kamili, ambacho wanasayansi hukiandika kwa herufi e, ni 0.112. Duara kamili lina e ya sifuri. Mwinamo wake ukilinganisha na obiti ya Dunia ni nyuzi 2.1. Mwenye bando anaweza kuhakiki mwenyewe kwenye hifadhidata ya JPL, maabara ya NASA, iitwayo Small-Body Database: andika 152830, namba ya Dinkinesh, kwenye kisanduku cha kutafutia, angalia herufi a (umbali wa wastani), e na i (mwinamo). Basi. Mengine yaliyoko kwenye jedwali lile yaache kwanza.

Ukizidisha kwa mita 2, unapata:

- Nusu ya urefu wa obiti: mita 4.38
- Kutoka katikati ya obiti hadi kwenye Jua: 4.38 × 0.112, yaani sentimita 49
- Sehemu ya karibu kabisa na Jua: 4.38 kutoa 0.49, mita 3.89
- Sehemu ya mbali kabisa: 4.38 kujumlisha 0.49, mita 4.87

Muda wa mzunguko nao ni wa kikokotoo tu. Zidisha 2.19 yenyewe kwa yenyewe mara tatu, upate 10.5, kisha tafuta kipeo chake cha pili: miaka 3.24. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Kepler, na leo hatuhitaji nadharia zaidi ya hapo. Miaka 3.24 ni kama miezi 39.

Hatua kwa hatua

1. Chagua uwanja na mlima. Obiti ya Dinkinesh peke yake inataka eneo la mita 10 kwa 10, kwa hiyo hata uwanja wa netiboli unatosha. Uwe tambarare na usiwe na majani marefu. Halafu tafuta kitu cha mbali sana kinachoonekana vizuri ukiwa uwanjani: Mbeya mjini kuna Loleza, Tukuyu kuna Rungwe, Iringa mwamba wowote mkubwa wa mbali au mnara wa simu ulio ng'ambo ya bonde utafaa. Kitu hicho kitasimama mahali pa nyota kwenye hatua ya 8. Mti ulio nyuma ya goli haufai, uko karibu mno.

Saa nayo ina maana. Juni na Julai asubuhi kuna umande, na kamba ya katani ikilowa hujikaza na kupungua urefu. Subiri saa nne. Ukiwa Makambako anza mapema kidogo ya hapo na utumie waya badala ya katani, kwa sababu upepo wa mchana wa kule hauachi jivu likatulia.

2. Funga kitanzi. Kitanzi chote, baada ya kufunga fundo, kiwe mita 9 na sentimita 74. Namba hii ni 4.38 mara mbili, ukiongeza sentimita 98 za nafasi kati ya vigingi. Kosa la kawaida ni kukata kamba ya mita 9.74 kisha kufunga. Fundo linakula sentimita 10 au zaidi. Funga kwanza, pima baadaye, rekebisha fundo mpaka ikae sawa. Njia nyepesi ya kupima: chomeka msumari mmoja, vuta kitanzi kikaze, pima kutoka msumarini hadi ncha. Ikiwa ni mita 4.87 umepatia.

Ukiwa makini utagundua kwamba 4.87 ni ile ile sehemu ya mbali kabisa na Jua. Si bahati, jiometri ya kitanzi ndivyo ilivyo. Mwachie mwanafunzi mmoja mkali wa hesabu aeleze kwa nini.

3. Simika vigingi. Viwe na nafasi ya sentimita 98 kati yao. Kimoja ni Jua: kiwekee gololi pembeni yake. Kwenye kipimo chetu sentimita moja ni kama kilomita 750,000, kwa hiyo Jua lingekuwa na upana usiofika sentimita 2, yaani gololi hiyo hiyo. Dunia ni chembe ya mchanga laini. Dinkinesh yenyewe ni ndogo kuliko kirusi cha mafua, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba atakuletea kokoto ya kuiwakilisha.

Kigingi cha pili hakina kitu. Hapo ndipo wengi huteleza: wanaweka Jua katikati ya vigingi viwili kwa kuwa macho yanapenda ulinganifu. Jua liko kwenye kigingi kimoja, kingine ni tupu, na katikati pia ni patupu.

4. Chora. Zungushia kitanzi vigingi vyote viwili, ingiza kijiti cha kuchorea ndani ya kitanzi, vuta mpaka kamba ikaze, kisha tembea huku ukikwaruza ardhi. Kamba iwe chini kabisa usawa wa udongo, isipande juu ya misumari. Wanaoshika vigingi wahakikishe havilegei. Mchoraji asikimbie. Ukifika ulikoanzia na mstari ukakutana na mwanzo wake, mwaga jivu au maranda juu ya mkwaruzo.

Onyo kuhusu chokaa: inachoma macho na ngozi yenye jasho. Kama huna budi kuitumia, amwage mtu mzima, kwa kopo, akiipa upepo mgongo, na watoto wakae mbali mpaka amalize. Maranda ni ya bure na hayamuumizi mtu.

5. Kagua kabla hujaendelea. Pima kutoka kigingi cha Jua hadi mstarini, kufuata mstari unaopita vigingi vyote viwili. Upande mmoja usome mita 3.89, mwingine 4.87. Tofauti ya sentimita 2 au 3 ivumilie. Ikizidi hapo, rudi hatua ya 2.

Sasa pima upana wa obiti yote kwa pande mbili: kufuata mstari wa vigingi, halafu kukata mstari huo kwa pembe mraba katikati. Utapata mita 8.76 na mita 8.70 au 8.71. Tofauti ni sentimita 5 na nusu hivi. Hapa ndipo darasa hupiga kelele kwamba mwalimu amechora duara. Vitabu vyetu vingi huchora obiti kama yai lililolala, kwa hiyo macho yamezoea uongo. Ukweli ni kwamba obiti ya e 0.112 inakaribia kabisa kuwa duara kwa umbo; kinachoisaliti ni Jua kukaa nusu mita nje ya katikati. Waambie wasimame kwenye kigingi tupu, kisha kwenye Jua, watazame mstari pande zote. Wataona wenyewe, na mimi naona dakika hizi tano zina thamani kuliko mchoro wote wa ubaoni.

6. Weka majirani. Kamba ya pili ifunge kwenye kigingi cha Jua na uitumie kuchora maduara ya kawaida: Dunia mita 2, Mirihi mita 3.05, na mstari wa mpaka mita 5. Mshtarii uko mita 10.4, uwanja usipotosha chora kipande chake tu kuelekea upande wenye nafasi.

Mirihi kwa kweli si duara kamili. Inapokuwa mbali zaidi na Jua hufika mita 3.33 za uwanja wetu, bado iko ndani ya 3.89 ambayo ndiyo sehemu ya karibu kabisa ya Dinkinesh. Kwa hiyo jibu la swali la kutuangukia liko miguuni mwao: njia yake haigusi hata ya Mirihi, sembuse yetu.

Na hilo duara la mita 5? Ni vizio 2.5. Kitu kinachozunguka hapo humaliza mzunguko kwa miaka 3.95, nao Mshtarii kwa 11.86. Gawanya: unapata 3. Kila Mshtarii ukizunguka mara moja, kitu hicho kimezunguka mara tatu, wanakutana palepale na Mshtarii unakivuta kwa namna ile ile, tena na tena, mpaka obiti yake inavurugika na kinaondoka. Ndiyo maana asteroidi ni haba sana kwenye umbali huo, na ndiyo maana watu wa fani huuchukua kuwa mpaka wa ukanda wa ndani. Dinkinesh, ikiwa na 4.87 pale mbali kabisa, haiufikii.

7. Weka miezi ya Dinkinesh. Anzia sehemu ya karibu na Jua, pale pa mita 3.89. Kwa kuwa asteroidi huenda kasi ikiwa karibu na Jua na kupunguza mwendo ikiwa mbali, hatua za mwezi mmoja mmoja hazilingani. Tumia mpangilio huu, ukipima kwa tepu moja kwa moja kutoka kijiti hadi kijiti juu ya mstari:

- hatua 5 za sentimita 77
- hatua 10 za sentimita 70
- hatua 10 za sentimita 64
- hatua 9 za sentimita 70
- hatua 5 za sentimita 77

Jumla ni 39, na kijiti cha mwisho kitaangukia karibu sana na cha kwanza. Kwa uhalisia mwendo hubadilika polepole, haurukiruki kwa makundi. Nimeyagawa hivi ili kazi iishe kabla ya kengele. Uelekeo ni kinyume cha mishale ya saa ukitazama kutoka juu. Huo ni mwonekano wa kutoka kaskazini ya mfumo wa Jua, na wanafunzi wenye akili watauliza kwa nini sisi wa kusini ya ikweta tufuate kaskazini. Ni makubaliano ya kale tu.

Kosa la hapa: kugawa mzingo kwa 39 na kuweka hatua sawa kwa sawa. Mchoro unapendeza, lakini umewapoteza Kepler na Dinkinesh kwa pamoja.

8. Tembea obiti. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, usiiruke hata kama muda umebana.

Simama kwenye Jua, tazama mlima uliouchagua, na utafute kijiti cha Dinkinesh kilicho kwenye uelekeo huo. Kiite alama sifuri. Kwenye duara la Dunia weka alama sifuri palepale mstari wa Jua, Dinkinesh na mlima unapopita. Kutoka hapo gawa duara la Dunia kwa vijiti 12, kila kimoja sentimita 103 na nusu kutoka kwa mwenzake.

Mpe mwanafunzi mmoja Dunia, mwingine Dinkinesh. Wote warudi nyuma vijiti vinne, kama saa inavyokwenda. Kisha waje mbele kijiti kimoja kimoja kwa pamoja, miezi minane. Kila wakisimama, aliye Dunia anyooshe mkono kumwelekea Dinkinesh, na mwandishi aliye nyuma yake aandike mkono umeangukia wapi kwenye mlima: kushoto ya kilele, kileleni, kulia.

Utakachoandika ni hiki. Mwanzoni Dinkinesh inasogea kushoto. Karibu na mwezi wa pili au wa tatu inakuwa kama imesimama. Halafu inarudi kulia, inapita kileleni kwenye alama sifuri, inasimama tena, na mwishoni inashika njia yake ya kushoto. Kule kurudi nyuma ni nyuzi 12 hadi 15 kwa jumla, na ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10, kwa hiyo mtaiona bila kifaa. Wakati huo wote mwenye kuibeba Dinkinesh hakurudi nyuma hata hatua moja. Muulizeni mwenyewe mbele ya darasa.

Waendelee kutembea baada ya hapo. Dunia itazunguka mara moja nzima na kuongeza vijiti vitano au sita ndipo mstari wa Jua, Dunia na Dinkinesh unyooke tena: miezi 17 na nusu kwa wastani. Ndivyo mtu mwenye darubini anavyosubiri. Akiikosa msimu huu, anaingoja mwaka na nusu.

9. Onyesha mwinamo. Haraka tu. Nyuzi 2.1 kwenye mita 4.38 ni sentimita 16. Shikilia kamba sentimita 16 juu ya mstari upande mmoja; upande wa pili ingezama ardhini kiasi hicho hicho. Ndiyo sababu tumeweza kuichora bapa bila dhambi kubwa. Asteroidi Pallas, ambayo mwinamo wake unakaribia nyuzi 35, kwa kipimo chetu ingepanda zaidi ya mita 3 kutoka ardhini, juu ya mwamba wa goli.

10. Futa, mwachie mwenzio abashiri. Ita kundi ambalo halikuwepo. Kabla hawajafika, futeni obiti ya Dinkinesh, mng'oe kigingi tupu, mbakize Jua na vijiti vitatu vya miezi inayofuatana. Wapeni kitanzi chenye fundo linaloweza kulegezwa, waambieni wachore obiti inayopita kwenye vijiti hivyo.

Watachora. Kila mmoja ya kwake, na zote zitapita kwenye vijiti vitatu bila kosa linaloonekana kwa macho. Wengine watafika kwa Mshtarii, wengine watakata njia ya Mirihi. Kisha rudisha kijiti kimoja kutoka robo ya pili ya obiti, uone ubishi unavyopungua. Rudisha na cha upande wa mbali, ubishi unakwisha.

Hiyo ndiyo hali ya asteroidi mpya. Usiku wa kwanza ni nukta inayosogea kati ya nyota kwenye picha chache zilizopigwa kwa kufuatana. Vipimo vinatumwa kituo cha Minor Planet Center kilichoko Cambridge, Massachusetts, na ikishaonekana si ya zamani hupewa alama ya muda. Ya Dinkinesh ilikuwa 1999 VD57. Mwaka unajulikana, V ni nusu ya kwanza ya Novemba, D na 57 ni foleni, maana herufi 25 hutumika kwa zamu na 57 inahesabu zamu zilizokwisha. Zidisha 25 kwa 57, ongeza 4 kwa kuwa D ni herufi ya nne: ilikuwa ya 1,429 kupangwa katika nusu mwezi ile. Namba ya kudumu, 152830, ilikuja tu baada ya kuonekana misimu ya kutosha na obiti kushikika. Jina huja baada ya namba. Kwa hiyo kijana anayeuliza kama akiona nukta leo kesho itaitwa jina lake, mrudishe kwenye vijiti vitatu.

Ikigoma, angalia hapa

*Mstari haukutani ulipoanzia.* Kigingi kimelegea au fundo limeteleza. Uwanja wa kichanga unahitaji msumari uingie wote, ubaki sentimita 3 tu juu.

*Obiti imekuwa kubwa upande mmoja kuliko hesabu.* Mchoraji alivuta kwa nguvu zaidi upande huo, na kamba ni ya plastiki. Badilisha kamba au mweke mtu mmoja achore mzunguko wote bila kupokezana.

*Vipimo viko sawa asubuhi, mchana vimebadilika.* Katani ilikuwa na unyevu. Ipime upya ikikauka.

*Vijiti 39 vimezidi au vimepungua kwa nusu mita.* Aliyepima alipima kwa kufuata mviringo badala ya kunyoosha tepu, au aliruka kijiti wakati wa kuhesabu. Mara nyingi ni la pili. Hesabu kwa sauti.

*Kwenye hatua ya 8 hakuna aliyeona kurudi nyuma.* Ama mmechagua mti wa karibu badala ya mlima, ama mwenye Dunia na mwenye Dinkinesh wanatembea kwa uelekeo tofauti. Kama ukungu umefunika mlima, kama Njombe inavyopenda Julai, tumia mnara au jengo lililo umbali wa kilomita moja au zaidi.

*Mwanafunzi anasema Kimondo cha Mbozi kilitoka Dinkinesh.* Msifu kwa kufikiri, kisha mweleze. Kimondo hicho, kilichoko Ndolezi, ni chuma, na vimondo vya chuma hutokana na viini vya asteroidi kubwa zilizoyeyuka na kuvunjika zamani. Dinkinesh ni ya mawe. Kama shule ina uwezo wa basi, peleka darasa Mbozi wiki inayofuata, wakapime kimondo kile kwa tepu ile ile. Urefu wake ni kama mita 3.

*Uwanja unatakiwa kwa mechi saa kumi.* Fagia maranda, ng'oa vijiti vyote kwa kuvihesabu, na misumari miwili itoe wewe mwenyewe kwa mkono wako. Mchezaji akikanyaga msumari wa inchi 6, mwakani hutapewa uwanja.